Gari Lililochinjwa Kama Mbuzi

Sinunui vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Wauzaji wa sokoni hapa Mbeya wananijua, wakiniona nakuja wanafunika magunia na kucheka, "Dada, hivi vimetoka kwingine, usitugombeze." Wanadhani nina mambo ya kishirikina. Sina. Nina hasira tu, na hasira yangu ina harufu yake: kitunguu kilichopigwa na jua kikichanganyika na petroli. Juzi lori la vitunguu lilisimama kutia mafuta nikiwa napita, nikajikuta nimekaza meno kama mtoto anayesubiri sindano. Ninyi wa rika langu mtanielewa. Tulilelewa wakati ambapo mtoto haulizwi anaonaje. Anakaa kimya, anaona yote, na anakuja kuyaelewa akiwa na watoto wake mwenyewe.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mchuuzi wa vitunguu, na alikuwa na Pijo, lile gari refu la zamani lenye mlango nyuma na keria juu. Mimi sikuwahi kuliona likitembea. Macho ya Babu yalipofifia aliliegesha ubavuni mwa nyumba yetu ya Mlandege, pale Iringa mjini, likaachwa. Kuku walitagia kiti cha nyuma. Kutu ilikula milango kutoka chini. Mama alipanda maboga pembeni, na maboga hayana adabu, yakapanda mpaka kwenye boneti. Nilipokuwa mdogo kabisa nilidhani gari ni aina ya banda, na nilishangaa kwamba banda letu lina taa.

Babu alipofariki tulimzika kwao Ruaha Mbuyuni, kando ya shamba lake. Baada ya msiba ukoo ulikaa kugawa alivyoacha. Shamba halikuleta maneno, wala nyumba. Lililoleta maneno ni lile banda la kuku. Baba mkubwa, aliyekuwa akiishi Ipogolo kule bondeni barabara kuu inapopita, alisema yeye ndiye mkubwa, gari ni lake. Baba akasema yeye ndiye aliyeishi na mzee na kumshika mkono kumpeleka chooni, gari ni lake. Walianza asubuhi. Jua lilipopinduka walikuwa wanaambiana mambo ya tangu utotoni, nani aliibiwa nyama na nani, nani alipigwa kwa kosa la nani.

Mdogo wake marehemu, ambaye sisi tulimwita Babu Mdogo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alikuwa ameshashusha mbeta kadhaa za ulanzi, ile pombe ya mianzi, na uvumilivu ulimwishia. Akasimama, akatikisa fimbo. "Basi lichinjeni! Lichinjeni kama mbuzi, kila mtu achukue nyama yake, mtuache tupumzike!"

Sasa, kwetu mbuzi akichinjwa kila mtu ana nyama yake. Kuna ya mkubwa na kuna ya mdogo, na ukikosea unaitiwa kikao. Kila mtu mwenye akili aliyekuwepo pale alijua mzee anawatukana. Watu wawili tu walidhani amehukumu. Baba mkubwa alisema, "Sawa. Mkubwa hula moyo. Injini ni yangu." Na Baba, badala ya kucheka, akasema, "Sawa. Na asikanyage tena kwenye bodi yangu."

Injini ilitolewa wiki hiyohiyo. Nakumbuka mnyororo, mti wa kuninginizia, na wanaume wakipiga kelele za kuvuta. Injini ilipoachia, pua ya gari iliinuka juu kidogo, taratibu, kama mtu aliyeshtuka usingizini, na oili nyeusi ikamwagika kwenye maboga. Nikalia. Niliona damu. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba gari linachinjwa, na hakuna mtu mzima aliyejisumbua kuniambia vinginevyo. Kwa muda mrefu baada ya hapo niliamini lile gari lilikuwa hai, na kwamba Baba mkubwa ameliua mbele ya macho yetu.

Ndipo Baba akaanza kulitengeneza. Mnisikilize vizuri: alianza kutengeneza gari ambalo halina injini, wala hana nia ya kulitafutia nyingine. Kila akitoka kazini alibadilisha shati akaenda kwenye bodi yake. Aliparua kutu kwa msasa mpaka vumbi jekundu likatuingia kwenye ugali. Aliziba matundu, akapiga puti, akasugua, akapiga tena. Vyuma vya kung'aa alivisugua kwa majivu na limau, na sisi tulikula samaki bila limau. Viti alivishona upya kwa mkono, mwanaume mzima, uzi mdomoni. Akalipaka rangi ya maziwa. Akawa analifunika kwa shuka nzuri ya Mama, ile ya wageni, na Mama alipouliza shuka iko wapi aliambiwa ajaribu kuelewa.

Kule Ipogolo nako, tulisikia, Baba mkubwa aliifungua injini yote akaiogesha kwa mafuta ya taa, akaifunga upya, akaiweka juu ya magogo uani. Kila Jumamosi aliiwasha. Alitundika dumu la petroli juu, ndoo ya maji pembeni, na vijana wa Ipogolo wakija kutazama aliwaambia, "Sikilizeni. Mnasikia? Haikohoi." Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja ana gari zuri lisilotembea, mwingine ana mngurumo usiokwenda popote, na kila mmoja anajiona mshindi. Mpaka leo nikifikiria natamani kutukana.

Vita ikashuka kwa watoto, kama kawaida. Yusta, binti wa Baba mkubwa, tulikuwa tunakaa dawati moja. Tukaambiwa tusikae. Mwalimu hakuelewa, sisi wenyewe hatukuelewa, lakini tulihama. Nikawa namwangalia kisogo chake darasani na kujilazimisha kumchukia, kwa sababu baba yake ni muuaji wa gari.

Bibi alikuwa anaishi na sisi. Mama yao wote wawili, mwembamba, mfupi, mwenye mdomo. Mimi aliniita mke mwenzangu, na akinikuta nimekaa tu aliniuliza mume wetu tumemwachia nani. Tangu Babu azikwe alikuwa na jambo moja kichwani: kaburi. Kwetu kaburi haliachwi udongo mtupu. Ukifika wakati ndugu hukusanyika, hulijengea kwa saruji, husali, hula, na hapo ndipo marehemu anahesabiwa amelala. Wanawe walikuja kila mmoja kwa wakati wake kumwambia yuko tayari kumpeleka. Bibi alimwambia kila mmoja maneno yaleyale. "Sipandi gari la kukodi kwenda kwa mume wangu. Nitakwenda na gari lake, na nyinyi wawili mmekaa mbele."

Walimwona mzee anayedeka. Basi Bibi akaanza kazi.

Asubuhi moja baada ya chai alivaa kitenge chake cha kanisani, akafunga kilemba, akachukua mkoba, akafungua mlango wa Pijo, akakaa kiti cha nyuma. Gari lilikuwa limetazama njia wanayopita watu wote wa Mlandege wanaokwenda sokoni. Wa kwanza kupita akasalimia. "Kamwene, Bibi! Safari ya wapi leo?"

"Kamwene. Ruaha Mbuyuni, kumjengea mume wangu kaburi. Nasubiri injini."

Akakaa mpaka adhuhuri. Kesho yake akarudi. Na kesho yake. Mimi nilifurahi kupita kiasi! Nilidhani Bibi amebuni mchezo, na kwamba amenibunia mimi. Nikitoka shule nilikimbilia kiti cha mbele, nikashika usukani huku miguu yangu haifiki kwenye pedali, nikaunguruma kwa mdomo. Nilipita Ipogolo, nikapita Ilula, nikateremka mlima Kitonga kwa kupiga honi kila kona.

"Bibi, tumefika?"

"Bado, mke mwenzangu."

Nikaunguruma tena. "Sasa je?"

"Bado. Endesha."

Bibi hakuwa anacheza. Nilikuja kulijua hilo nikiwa mtu mzima, siku moja nikiwa naosha vyombo, na sahani ikanitoka mkononi. Bibi alikuwa amegoma. Alikuwa anawaanika wanawe barabarani, kila siku, kwa sauti ya adabu na kitenge cha kanisani, na mimi nilikuwa dereva wa mgomo wake bila kujua.

Mlandege nzima ikacheka. Baba akirudi kazini aliulizwa njiani, "Mzee, injini bado?" Alikuja nyumbani amevimba. "Mama, toka kwenye gari. Unaniaibisha."

"Nyinyi wawili mmetoka tumbo moja," Bibi alimjibu bila kumtazama. "Gari moja linawashindaje?"

"Mwambie yeye alete injini."

"Wewe huna miguu ya kumfuata?"

Baba akafunga milango kwa funguo. Bibi akakaa juu ya boneti, na mkoba wake una kishikizo cha chuma. Baba alivumilia siku hiyo tu, kisha akafungua milango mwenyewe, kwa kuogopa rangi kuchubuka. Naomba mlielewe hilo. Alihofia rangi. Na Baba mkubwa naye alimtuma kijana na gunia la vitunguu kumlainisha mama yake, Bibi akamwambia kijana alirudishe gunia likiwa halijafunguliwa. "Mwambie sina njaa. Nasubiri injini."

Ukaja msimu wa baridi. Wanaoijua Iringa wanajua baridi yake na upepo wake, ule unaoingia kwenye mfupa na kufunga mlango nyuma yake. Pijo lilikuwa limekamilika kila kitu isipokuwa kioo cha mlango wa nyuma, ambacho Baba hakukipata mji mzima. Upepo uliingia hapo. Mama alimpelekea Bibi blanketi na chai, akamsihi, akapiga magoti. Akamwendea Baba. "Mama yako anakufa pale nje."

"Akichoka atatoka," Baba akasema.

Hakuchoka. Alianza kukohoa, kikohozi kikashuka kifuani, homa ikapanda, akabebwa kutoka kiti cha nyuma kupelekwa hospitali kwenye pikapu ya jirani. Pijo lilibaki limesimama linang'aa. Nilimwona Baba anatazama pikapu ikiondoka, kisha anatazama gari lake, kisha anachukua kitambaa na kufuta mahali ambapo wabebaji walishika. Bibi hakurudi.

Wapo watakaosema ilikuwa mipango ya Mungu. Mimi nasema walimuua, wote wawili, mmoja kwa injini na mwingine kwa rangi, na sijawahi kulirudisha neno hilo.

Msiba ukajaa uani. Babu Mdogo alifika akiwa hana ulanzi hata tone, akaita wanaume wote. "Hapachimbwi kaburi," alisema. "Huyu mama alisema atakwenda na gari la mumewe na wanawe wawili mbele. Mpaka injini irudi, hatuziki." Ukoo ukizuia maziko, hakuna pa kukata rufaa. Baba mkubwa aliondoka bila kuaga, na mchana akarudi na injini nyuma ya lori.

Waliifunga wenyewe, mchana kweupe, huku wanawake wanalia ndani. Nilikaa juu ya tofali nikawatazama. Hawakusemezana hata neno. Lakini mmoja akinyoosha mkono bila kuangalia, mwingine alimwekea spana, na ilikuwa ndiyo spana yenyewe aliyoitaka. Mmoja akiingia chini ya gari, mwingine alikuwa ameshashika boliti kwa juu. Babu alikuwa amewafundisha pamoja wakiwa watoto, na mikono yao haikuwa na habari ya ugomvi. Nikasema moyoni, wamepatana. Injini ilipowaka, kilio ndani kilinyamaza. Gari limefufuka! Nilitaka kukimbia kumwambia Bibi, nikakumbuka.

Jeneza liliingia kwa mlango wa nyuma. Mimi niliwekwa mbele, katikati ya Baba kwenye usukani na Baba mkubwa dirishani. Tukateremka Ipogolo, tukashika barabara kuu, kama nilivyokuwa nikiendesha kwa mdomo. Kitonga breki zilinuka. Chini kule joto likatupokea, na harufu ya vitunguu kila upande wa barabara. Nilikuwa nimebanwa na mabega yote mawili, na najua ni aibu kusema hivi nikiwa na Bibi mgongoni, lakini nilikuwa na furaha. Nilidhani vita imekwisha.

Tulimzika pembeni mwa Babu. Tukala. Kisha Baba mkubwa akanawa mikono, akaenda kwenye Pijo, akafungua boneti.

"Mama amefika," alisema. "Kazi ya injini imekwisha."

Watu walidhani ni uchungu unamsemesha. Alikuwa amekuja na spana zake, na kumbe lori lilikuwa nyuma yetu, na mnyororo ndani yake. Babu Mdogo alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Baba hakumzuia. Aliingia akakaa kwenye usukani, akafunga mlango, akatazama mbele, akamwacha kaka yake afungue boliti moja baada ya nyingine. Nami nikaingia nikakaa pembeni yake, kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kukaa. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Tukaona pua ya gari inainuka mbele yetu, taratibu, kama mara ya kwanza. Safari hii sikulia.

Tulirudi tukivutwa kwa kamba na lori la vitunguu, Kitonga nzima, moshi na petroli na vitunguu vinatuingia kupitia kioo kisichokuwepo. Baba alisema jambo moja tu njia nzima. "Kuanzia leo yule si baba yako mkubwa. Usimsalimie." Nikatii. Kwa yote niliyoambiwa utotoni, hilo ndilo nililolitii vizuri kuliko yote.

Injini ilifungiwa pampu, ikawa inamwagilia vitunguu vya Baba mkubwa kule kwenye shamba la Babu. Ndiyo maana sinunui. Bodi ikarudi chini ya shuka. Na makaburi mawili yakabaki udongo, kwa sababu kila mmoja aliapa hatashika mwiko wa saruji upande mmoja na mwenzake.

Baba amefariki mwaka huu. Kwenye maziko, kule Iringa, niliona mzee mmoja amesimama nyuma ya watu, ameshikwa mkono na Yusta. Nilipita mbele yake kama napita mti. Baada ya siku kadhaa Yusta akanipigia simu.

"Dada, usikate. Baba macho yamemwishia. Anaomba apelekwe Ruaha Mbuyuni, wazazi wajengewe. Injini ipo, inawaka."

"Mwambie apande basi."

"Amesema alipande gari la Babu. Amesema ndivyo Bibi alivyotaka."

Nilikata simu. Nilikaa siku nzima nikiwatukana wote, walio hai na waliokufa, kwa majina. Kisha nikampigia. Msidhani nilimhurumia. Nilichokiona ni mwanamke amelala chini ya udongo mtupu, mvua inamwosha kila mwaka, na sisi watu wazima tunalinda vyuma. Na mgomo ule nilikuwa dereva wake. Haukuwa umekwisha, ulikuwa umeachwa tu. Nikamwambia Yusta injini iletwe Mlandege mchana, watu wakiona, na mzee wake awe juu ya lori hilohilo.

Nilisafiri kutoka Mbeya, fundi akaifunga mbele yangu. Alipomaliza nikamwambia achukue mashine ya kuchomelea, aondoe mipira ya kushikia injini, aichomelee moja kwa moja kwenye bodi, boliti zote.

Akanitazama kama anayetazama mgonjwa. "Dada, haichomelewi! Ile mipira ndiyo inameza mtetemo. Ukichomelea gari lote litatetemeka, mtafika meno yameng'oka. Na siku ikiharibika utaitoaje?"

"Ndiyo hivyo. Isitoke."

"Mtatetemeka, dada."

"Tutatetemeka wote. Choma."

Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso umeelekea cheche asizoziona. Alisikia kila neno. Akatoa kofia.

Nilishika usukani mimi. Yeye mbele, kwenye dirisha lilelile, na Yusta nyuma na mifuko ya saruji, pale Bibi alipokuwa akikaa. Fundi alisema kweli. Vioo viligongana, mifuko ilicheza, mashavu ya yule mzee yalitikisika na yangu pia. Tuliteremka Ipogolo, tukapita Ilula, na Kitonga nikapiga honi kila kona, mkono wenyewe ulikumbuka. Joto la bonde lilipotupiga usoni, na ile harufu, aligeuza shingo kuelekea kwangu.

"Mwanangu, tumefika?"

"Bado," nikamwambia. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu siku tuliyomzika Bibi, na sikuwa na haraka ya kumpa la pili.